Bastola ya marehemu babu: kusoma umri na asili yake

Matanga yakiisha na sanduku la bati kufunguliwa, iwe Njoro, Kitale au Muhoroni, pengine humo hutoka bastola kuukuu iliyoviringishwa kwenye kitambaa cha kaki. Iache papo hapo. Usivute triga, usijaribu kuifungua, wala usikubali neno la mtu kwamba haina risasi. Funga chumba, weka watoto mbali, upigie kituo cha polisi simu ili afisa aje nyumbani. Usiibebe kwenye matatu kuipeleka mwenyewe. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka anayemiliki silaha awe na cheti, na cheti cha marehemu hakimpi mrithi ruhusa ya kukaa nayo. Utafiti wa umri huanza baada ya mtaalamu wa silaha kuikagua na kuhakikisha ni tupu.

Na isisuguliwe. Hilo nalisisitiza kwa sababu alama zilizopigwa kwenye chuma ni za kina kidogo mno. Msasa au waya wa kusugulia sufuria huzifuta kwa dakika chache, na zikishafutika ushahidi umekwenda. Kutu mchunguzi ataishughulikia kwa mafuta mepesi na kitambaa laini. Ala ya ngozi nayo itengwe na bastola, maana ngozi huvuta unyevu na kula chuma. Mara nyingi ala huwa na mhuri na mwaka wake, lakini huo ni umri wa ala tu.

Kosa la kawaida ni kushika tarehe ya kwanza inayoonekana. Chukua Smith & Wesson, ambazo zilipelekwa kwa wingi kwenye majeshi ya Uingereza na makoloni yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Juu ya mtutu pameandikwa jina la kiwanda, mji wa Springfield, kisha tarehe tatu. Ya mwisho ni Desemba 29 ya mwaka 14. Hapo familia husema ni ya 1914, babu alipigana nayo Tanga. Sivyo. Hizo ni tarehe za hataza, yaani siku ambazo uvumbuzi wa sehemu fulani za bastola ulisajiliwa, nazo ziliendelea kupigwa kwenye mitutu miaka mingi baadaye. Jibu liko chini ya mpini, kando ya pete ya kufungia kamba. Namba ikianza na V, bastola ni ya kati ya 1942 na 1945. Ikianza na SV ni ya mwishoni mwa kipindi hicho: mwaka 1944 baharia wa Marekani aliuawa na bastola iliyoanguka sitahani ikafyatuka, ndipo kiwanda kikaweka kizuizi kipya cha nyundo, yaani kipande cha nyuma kinachopiga ili risasi ifyatuke, na kuongeza herufi S. Kwa hiyo yenye V peke yake, ikidondoka huku risasi iko chini ya nyundo, inaweza kulia bila mtu kugusa triga. Namba hiyohiyo hurudiwa nyuma ya silinda, ile sehemu ya mviringo inayobeba risasi, na chini ya mtutu. Zikitofautiana, jua sehemu zimebadilishwa.

Za Uingereza hutaja mwaka waziwazi. Enfield No. 2, iliyokubaliwa jeshini 1932, ina taji, neno ENFIELD na mwaka upande wa kulia wa fremu. Webley Mark VI ilianza 1915. Ni kubwa, mtutu wa sentimita 15 na uzito unaozidi kilo moja. Usiihesabu moja kwa moja kuwa ya Vita vya Kwanza, kwani kiwanda cha serikali cha Enfield kiliitengeneza tena kuanzia 1921 hadi 1926.

Mwaka wa kutengenezwa si mwaka wa kufika Kenya, na hapa ndipo alama ndogo hufaa kuliko jina kubwa la kiwanda. Mshale mpana ni mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili ikikutana ncha kwa ncha, jeshi lilishaiuza. Kabla ya kuuziwa raia huko, bastola ilifyatuliwa kwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida, na ikistahimili ikapigwa mhuri. Herufi BNP chini ya taji ni mhuri wa Birmingham wa kuanzia katikati ya miaka ya 1950. Basi Enfield ya 1941 yenye BNP ilikuwa Uingereza miaka hiyo. Haiwezi kuwa imekaa sandukuni Nakuru tangu vita viishe.

Isiyo na jina lolote, fupi, yenye herufi ELG na nyota ndani ya duara refu, ni ya Liège, Ubelgiji. Duara likiwa na taji juu yake, mhuri ni wa 1893 au baadaye.

Mtaalamu akishaifanya salama, omba ipigwe picha pande zote mbili, juu ya mtutu, nyuma ya silinda na chini ya mpini, tochi ikimulikwa kutoka ubavuni ili vivuli vijaze herufi. Pamoja na picha, andika masimulizi ya nyumbani kama yalivyo, hata yasipolingana na mihuri: nani alimpa babu, wapi, alikuwa akifanya kazi gani. Huenda masimulizi hayo ni ya bastola nyingine aliyowahi kuwa nayo, na cheti chake cha zamani kikipatikana kati ya karatasi zake, namba iliyo juu yake ndiyo ya kulinganisha kwanza.