UC, Cal State au komyuniti koleji? Wazazi, tuongee kabla ya Novemba

Mimi kazi yangu ni kushauri wanafunzi wa sekondari huku California, na simu zimeshaanza, Wakongo wa San Diego, Wakenya wa Bay Area, Watanzania wachache waliotawanyika huko na kule, na karibu wote wanakuja na hesabu moja kichwani: UC (University of California) ni daraja la kwanza, Cal State (California State University) la pili, komyuniti koleji, vile vyuo vya miaka miwili vya mtaani, ni za walioshindwa. Jamani hapana. Ukichagua hivyo unaweza kulipa pesa nyingi mahali ambapo mtoto angesoma karibu bure, au ukamfungia mlango uliokuwa wazi kabisa.

Vyote vitatu ni vyuo vya umma vya jimbo. Mwaka 1960 wakubwa wa elimu wa California, akiwemo Clark Kerr aliyekuwa rais wa UC, walikaa wakagawana kazi. UC wakapewa utafiti, PhD, udaktari na sheria, wachukue moja ya nane ya juu ya wanaomaliza sekondari jimboni. Cal State, yaani CSU, wakapewa digrii ya kwanza na masta, wachukue theluthi ya juu. Komyuniti koleji wapokee yeyote anayetaka kusoma. Mambo yamebadilika kidogo, siku hizi Cal State wanaruhusiwa kutoa digrii ya uzamivu katika fani kadhaa, lakini mgao ule bado unaonekana ukiingia darasani. Profesa wa UC anapimwa sana kwa utafiti wake, kwa hiyo mwaka wa kwanza mtoto anaweza kukaa ukumbini na wenzake mia tatu halafu maswali yake anamuuliza mwanafunzi wa PhD. Cal State profesa anafundisha madarasa mengi, ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya, na mtoto anayehitaji kufuatwafuatwa kidogo huko mara nyingi anapona. Anayetaka maabara na baadaye PhD, UC ina mengi zaidi. Halafu kitu ambacho hakuna anayeniuliza: kampasi nyingi za UC zinagawa mwaka kwa robo badala ya semista, kila robo ni wiki 10 tu za masomo, ukiumwa wiki mbili umekwisha. Berkeley na Merced ndio wana semista.

Na usiseme "UC" kama kitu kimoja. UCLA wanapata maombi ya mwaka wa kwanza zaidi ya 140,000 na wanachukua kama 9 katika kila 100, wakati Merced, iliyofunguliwa 2005, inapokea wengi na digrii yake ni ya UC ileile. Upande wa Cal State, Cal Poly ya San Luis Obispo ni ngumu kuingia kuliko baadhi ya UC, San José State iko katikati ya Silicon Valley na makampuni ya pale yanaajiri sana vijana wake, na unesi karibu kila kampasi ni vita. Kwa hiyo swali la kwanza ni mtoto anataka kusoma nini. Jina la chuo baadaye.

Sasa pesa, maana hapa ndipo watu wanapotea. Kwa mkaazi wa California ada ya UC ni kama dola 15,000 kwa mwaka, Cal State ni elfu 6 na kitu kabla ya michango ya kampasi, komyuniti koleji dola 46 kwa yuniti (yuniti ndiyo kipimo cha ukubwa wa kozi). Mzazi akiona hivyo anasema basi UC haituhusu. Subiri kwanza! UC wana mpango unaoitwa Blue and Gold, familia yenye kipato chini ya dola 100,000 na inayostahili msaada inafutiwa ada yote, na wengi wa jamii yetu tuko chini ya hapo. Kinachobaki ni chumba na chakula, na hicho kinaweza kuzidi ada yenyewe. Ndiyo maana mtoto anayelala nyumbani na kupanda basi kwenda San Diego State, ambayo ni Cal State, anaweza kutumia kidogo kuliko aliyefutiwa ada yote UC ya mbali, na Cal State wanawapa kipaumbele watoto wa eneo lao. Pigeni hesabu ya mwaka mzima, na pango ndani, msiangalie ada peke yake.

Hayo yote ni kwa mkaazi. Asiye mkaazi UC anaongezewa zaidi ya dola 37,000 juu ya ada, kwa hiyo mpwa wako aliyeko Nairobi usimwambie aje tu. Ukaazi unataka zaidi ya mwaka mmoja jimboni pamoja na ushahidi kwamba umekuja kuishi, ila sheria ya AB 540 ya 2001 inamlinda aliyesoma miaka mitatu sekondari ya hapa na kuhitimu, hata kama hana karatasi za uhamiaji.

Kuhusu komyuniti koleji nitasema kwa nguvu. Mtoto aliyefika hapa darasa la 11 kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma, Kiingereza bado kinamsumbua, GPA (wastani wa alama) haijakaa sawa, akianzia komyuniti koleji hajashushwa popote. Akimaliza huko anaweza kuhamia UC: wana sera ya kuchukua mmoja anayehamia kutoka chuo kingine kwa kila wawili wanaoanza mwaka wa kwanza, na kipaumbele wanawapa watu wa komyuniti koleji za California. Kampasi sita (Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz) zinatoa hadi ahadi ya maandishi ya kumpokea anayehamia akitimiza masharti, inaitwa TAG, fomu yake inajazwa Septemba na unachagua kampasi moja tu. Berkeley, UCLA na UC San Diego hawamo. Anayesema "ataanza Cal State halafu ahamie UC" anajiwekea mlima, maana hana kipaumbele hicho. Ila kozi zichaguliwe kwa kuangalia assist.org, tovuti inayoonyesha kozi zipi za komyuniti koleji zinakubaliwa unakohamia, tangu semista ya kwanza, la sivyo utabeba yuniti zisizohesabika.

Wanaoomba moja kwa moja: UC wanataka GPA ya 3.0 kwenye kozi za A-G (orodha ya kozi za sekondari ambazo vyuo hivi vinazidai), Cal State 2.5, na D haihesabiki kokote. Mtihani wa SAT hakuna anayeuangalia tena katika kuamua nani aingie. UC wanataka majibu manne mafupi, kila moja maneno 350 mwisho, Cal State hawataki insha kabisa. Na hii wengi hawaijui: mtoto aliyesoma miaka miwili kuanzia darasa la sita kwenda juu kwenye shule iliyofundisha kwa lugha nyingine, mfano Kifaransa kule Bukavu, anaweza kuwa ameshatimiza sharti la lugha ya kigeni, muulizeni mshauri wa shule kabla hamjamjazia Kihispania.

Maombi yanaanza kupokelewa Oktoba 1, yanafungwa mwisho wa Novemba, wakati mwingine wanasogeza siku moja mbili. Ni dola 80 kila kampasi ya UC na 70 Cal State, ila mwenye kipato kidogo anapata nne bure kila upande, kwa hiyo ombeni kote. FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa pesa za masomo (wakimbizi mnaruhusiwa), au fomu ya Dream Act kwa asiye na karatasi, iwe imeingia kabla ya Machi 2. Hiyo ndiyo tarehe ya Cal Grant, msaada wa masomo wa jimbo.