Flasha yako haijafa

Kaja mteja mwingine na flasha mpya mkononi (kile kifaa kinachopigisha indiketa), kainunua Kariakoo. "Fundi, nifungie tu hii, indiketa ya kushoto inakimbia." Ya kulia je? Inapiga vizuri. Sasa flasha ni hiyo hiyo moja kwa pande zote. Ingekuwa imekufa, ya kulia ingepigaje vizuri?

Indiketa ikikimbia, yaani ikipepesa haraka kuliko kawaida, upande mmoja, flasha inakwambia huko mzigo umepungua. Balbu mbili za wati 21 na ile ndogo ya ubavuni ya wati 5 zinakula karibu ampea 4. Ikiungua kubwa moja, zinabaki ampea 2 na ushee, na flasha ya kielektroniki imeundwa ikimbie ili dereva ashtuke. (Zile za zamani za joto ni kinyume: hulegea au hubaki zimewaka.) Ukifunga LED, ambazo hula umeme kidogo, itakimbia pia, na flasha haina kosa.

Zunguka gari, badilisha balbu iliyoungua. Mara nyingi kazi imeisha.

Kinachonitoa jasho ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, hasa kwa magari yanayolala karibu na bahari, Kigamboni huko. Chumvi inaingia kwenye soketi ya taa ya nyuma, shaba inaota ukijani. Ukiwasha indiketa, taa ndogo ya nyuma inapepesa nayo: umeme umekosa njia ya kurudi, unapenya kwenye nyuzi za balbu jirani. Halafu fundi anachomoa balbu, anaweka mita, anaona volti 12, anatangaza "umeme upo." Upo, ndiyo! Mita hainywi umeme kama balbu. Hata waya uliobakiwa na unyuzi mmoja utaonyesha 12. Rudisha balbu, washa indiketa, pima kati ya hasi ya betri na ethi ya soketi. Ikiruka volti 2 au 3 kila taa inapopiga, ethi mbovu. Ethi nzima haifiki hata nusu volti.

Hazadi (indiketa zote kupiga kwa pamoja) zinawaka, indiketa hazitaki? Fyuzi kwanza, kisha bonyeza swichi ya hazadi mara kadhaa. Toyota nyingi za zamani hupitishia umeme wa indiketa humo humo, na kopa zake, vile vishaba vya ndani vinavyogusana, huchafuka.

Kwenye magari ambayo kompyuta ndiyo inapigisha indiketa, tatizo la kuja na kupotea huwa nalitafuta kwa kutikisatikisa waya, na likipona wakati mwingine sijui nimeponya kipi. Namwambia mwenye gari arudi mvua ikinyesha.