Disforia ya kijinsia: kabla ya matibabu na baada yake

Disforia ya kijinsia ni dhiki anayoipata mtu pale jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa isipoafikiana na ile anayojijua kuwa nayo. Neno la kushika hapo ni dhiki. Kuwa transjenda, yaani kujijua kuwa na jinsia tofauti na uliyoandikiwa ulipozaliwa, ni jambo moja, kuteseka ni jingine, na wapo transjenda wasiokuwa na mateso hayo. Ndiyo sababu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliacha jina lililoutaja utambulisho wenyewe kama ugonjwa, ukaweka disforia. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, ilikwenda mbali zaidi: iliitoa hali hii kabisa katika sura ya magonjwa ya akili.

Dhiki yenyewe ina mizizi miwili. Mmoja uko mwilini: sauti, kifua, ndevu, hedhi. Mwingine uko kwa watu: kufukuzwa nyumbani, kudhihakiwa, kunyimwa kazi, kupigwa. Huu wa pili wataalamu huuita msongo wa walio wachache, na si mdogo hata kidogo. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 uliowafikia karibu transjenda 28,000 nchini Marekani, asilimia 40 walisema wamewahi kujaribu kujiua. Idadi hiyo hunifanya nisite kila ninapoiandika.

Homoni na upasuaji hugusa mzizi wa kwanza. Jaribio moja la Australia, lililochapishwa mwaka 2023, lilihusisha watu wazima 64 waliokuwa wakitaka kuanza testosteroni, homoni ya kiume. Kwa kura, wengine walianza mara moja na wengine wakasubiri miezi mitatu, kama foleni ya kawaida inavyowasubirisha. Walioanza mapema walipungukiwa na disforia, sonona na mawazo ya kujiua kuliko waliosubiri. Ni kundi dogo na muda mfupi, lakini kura ile inalitia jaribio hilo uzito, maana tafiti nyingi za eneo hili hazina kundi la kulinganisha. Kwa watoto na vijana ubishi ni mkali zaidi. Mapitio ya Uingereza ya mwaka 2024 yaliyoongozwa na daktari wa watoto Hilary Cass yalisema ushahidi kuhusu matibabu yao ni dhaifu.

Kuna utafiti wa Uswidi wa mwaka 2011 ambao hunukuliwa vibaya mno. Uliwafuatilia watu 324 waliofanyiwa upasuaji kati ya 1973 na 2003, ukakuta vifo vya kujiua miongoni mwao bado viko juu kuliko kwa watu wengine. Wapo wanaousoma kama uthibitisho kwamba upasuaji huua. Lakini walilinganishwa na wananchi wa kawaida, si na transjenda waliokosa matibabu, na watafiti wenyewe walitahadharisha juu ya hilo. Unachoonyesha ni kwamba baada ya upasuaji mtu bado anahitaji kuangaliwa.

Na hilo linaeleweka ukikumbuka mzizi wa pili. Mwili umetibiwa, ila mtu anarudi kwa jirani walewale na mwajiri yuleyule. Daktari anayelijua hilo hafungi faili siku nyuzi zinapotolewa. Anaendelea kuuliza kuhusu usingizi, kazi, na nyumbani wanamwita jina gani.