Hospitali ikiprinti kipandikizi, nani ndo mtengenezaji?

Swali tunaloulizwa kila siku ni kama printa za 3D, zile zinazojenga kitu tabaka kwa tabaka, zimeruhusiwa hospitalini, na jibu letu huwa linawashangaza watu kidogo, maana sheria wala haihangaiki sana na printa, inahangaika na kile kinachotoka na kinaenda kukaa wapi. Chumba kilekile kinaweza kutoa fuvu la plastiki la kufundishia wanafunzi, hapo hakuna wa kukusumbua, halafu kikatoa kielekezi cha kumwonyesha daktari aukate mfupa wapi, na wiki hiyohiyo kikatoa kipande cha taya cha kukaa mwilini mwa mtu maisha yake yote. Ni vitu vitatu vyenye hatari tofauti kabisa, na makaratasi yake nayo ni tofauti.

Hebu tukitazame hicho kipande cha taya. Mgonjwa anapigwa sitiskani (CT scan), picha inageuzwa faili, faili inasafishwa kwenye kompyuta, halafu leza inayeyusha poda ya titani tabaka kwa tabaka. Poda inayobaki inachekechwa na kutumika tena, sasa ikizungushwa mara nyingi inavuta oksijeni na kipandikizi kinaweza kuja kuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, na kwa macho huoni kitu. Kuna vile vitundu vya kusaidia mfupa uote ndani yake, poda ikinasa humo ni kasheshe. Hata namna kipande kilivyolazwa ndani ya printa inabadilisha uimara wake. Ndo maana mwongozo wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, wa Desemba 2017 unauliza mambo hayohayo, poda, mlalo, usafishaji, siyo umbo peke yake.

Sasa zamani mtengenezaji alikuwa kiwanda, basi. Hospitali ikianza kuprinti yenyewe, majukumu ya kiwanda yanahamia kwake, na hapa wengi wanajificha nyuma ya neno "maalumu kwa mgonjwa huyu". Jamani, kitu kupimwa kwa mwili wako hakikifanyi kiwe nje ya sheria. Marekani msamaha wa kibali kwa vifaa vya oda maalumu una masharti mengi na haupiti vifaa 5 vya aina moja kwa mwaka. Umoja wa Ulaya, kanuni ya vifaa tiba namba 2017/745 iliyoanza kutumika tarehe 26 Mei 2021, inaruhusu hospitali ijitengenezee, ila isivitoe kwa taasisi nyingine, isizalishe kama kiwanda, iwe na mfumo wa ubora, na ieleze kwa nini kilichopo sokoni hakimfai mgonjwa. Hilo la mwisho ndo linalowashinda wengi, kwa mtazamo wangu.

Mtakumbuka Machi 2020 kule Chiari, Italia, hospitali iliishiwa vali za mashine za kupumulia, wahandisi wakaziprinti haraka haraka na watu wakahudumiwa. Mimi siwalaumu hata kidogo, ila dharura ikiisha maswali ya kibali na haki ya mwenye muundo yanarudi palepale.

Dawa inayoprintiwa nayo ina njia yake, ile ya kifafa iitwayo Spritam ilipita FDA mwaka 2015 kama dawa, haikuhukumiwa kama kifaa.

Halafu kuna faili. Aliyechora akikosea milimita mbili, je ni kosa la mchoraji, programu, au aliyebonyeza kuprinti? Ulaya imeshaanza kujibu, direktivu (agizo la Umoja wa Ulaya kwa nchi wanachama) namba 2024/2853 inaihesabu faili ya kutengenezea kuwa ni bidhaa, kwa hiyo kasoro yake inaweza kudaiwa fidia, na nchi wanachama zina mpaka tarehe 9 Desemba 2026 kuiweka kwenye sheria zao.

Na kwa mgonjwa wa huko Ulaya, kifaa cha oda maalumu lazima kije na tamko lenye jina la mtengenezaji, na mgonjwa ana haki ya kuliona. Kwa hiyo kabla ya kusaini, liombe, ulisome hapohapo kitandani.