Camacho Hakufukuzwa Real Madrid

Kila kozi ya makocha, tukifika kwenye somo la mikataba nikamtaja kocha Mhispania José Antonio Camacho, beki wa zamani wa Real Madrid, lazima mkono unyooke kutoka viti vya nyuma: "Mwalimu, huyo si ndiye aliyefukuzwa Real Madrid mara mbili?" Nimelisikia swali hili hadi basi. Safari hii najibu kwa maandishi.

Camacho hakufukuzwa Real Madrid hata mara moja. Alijiuzulu mara zote mbili, na kocha asiyeona tofauti hapo hajaielewa kazi anayoiomba.

Mara ya kwanza ni mwaka 1998. Real ilikuwa imetoka kutwaa Ligi ya Mabingwa chini ya Jupp Heynckes, ikaachana naye, ikamwita mtoto wa nyumbani. Camacho alikaa wiki tatu hivi. Hakuongoza mechi yoyote ya mashindano. Alivutana na uongozi wa rais Lorenzo Sanz kuhusu watu wa benchi lake la ufundi, alipoona hapewi anachotaka akaachia ngazi, na timu akakabidhiwa Guus Hiddink. Wanafunzi wangu wakisikia hivyo husema ni kiburi. Sikubaliani nao kabisa. Chukua mfano wa kocha wa viungo: ndiye anayeamua wachezaji wako watafika dakika ya 80 wakiwa na pumzi au wakiwa wameshika viuno. Ukipangiwa mtu usiyemwamini, lawama za kipigo bado zitakuwa zako. Ndiyo maana nasisitiza, na sitaacha kusisitiza: majina ya benchi lako la ufundi yaingie kwenye mkataba kabla hujaweka saini. Ahadi ya "tutaelewana mbele ya safari" usiikubali, hata iwe imetoka kwa rais wa klabu.

Halafu tazama kilichofuata. Septemba ya mwaka huohuo Hispania ilifungwa 3-2 na Cyprus katika kufuzu Euro 2000, Javier Clemente akaondoka, Camacho akapewa timu ya taifa. Zilibaki mechi saba. Alishinda zote saba, mabao 40 kwa 2, ikiwemo ile ya Machi 1999 pale Valencia ambapo Austria ilipigwa 9-0. Kocha anayeitwa mshindwa kwa sababu ya zile wiki tatu ndiye aliyefanya hayo.

Mara ya pili ni 2004. Alirudi Real ya Florentino Pérez, iliyokuwa na Zidane, Figo, Ronaldo, Beckham, na Michael Owen aliyeingia majira yale. Kiungo wa kukaba ambaye klabu ilimfukuzia, Patrick Vieira wa Arsenal, hakupatikana. Real ilishinda 1-0 mbele ya Mallorca, ikashinda 1-0 mbele ya Numancia, ikachapwa 3-0 na Bayer Leverkusen, ikalala 1-0 kwa Espanyol. Camacho akaenda kwa uongozi kujiuzulu, ligi ikiwa na mechi tatu tu. Unaweza kusema alikata tamaa mapema, na hapo tutajadiliana vizuri, maana hata mimi naona angeweza kuvumilia hadi Desemba. Lakini usiseme alifukuzwa. Mwenye kazi ndiye aliyeamua.

Na ukitaka kufukuzwa kwake kwa kweli, kupo. Osasuna walimtimua Februari 2011. China walimtimua Juni 2013 baada ya kufungwa nyumbani, mjini Hefei, 5-1 na Thailand. Kwa nini hakuna anayeniuliza kuhusu Hefei? Kwa sababu watu wanakariri vichwa vya habari vya klabu kubwa na kuacha kusoma kazi ya mtu. Wangesoma wangekuta pia kwamba aliichukua Osasuna ikiwa taabani Oktoba 2008 na kuinusuru kushuka daraja siku ya mwisho ya msimu, kwa kuifunga Real Madrid hiyohiyo 2-1. Wangekuta kombe la Ureno la 2004, Benfica yake ilipoishinda 2-1 katika muda wa ziada Porto ya Mourinho, siku chache kabla Porto hiyo haijawa bingwa wa Ulaya.

Uvumi mwingine kumhusu naupitia upesi.

Eti beki akiwa kocha hupaki basi, yaani timu yake hujilinda tu. Camacho alikuwa beki wa kushoto mkali kweli, mechi 81 za taifa, lakini rudia yale mabao 40. Kisha kumbuka Euro 2000, Hispania ikiwa nyuma 3-2 dhidi ya Yugoslavia hadi dakika za nyongeza, Mendieta akasawazisha kwa penalti na Alfonso akafunga la nne. Casillas, Puyol na Xavi wote walivaa jezi ya taifa ya wakubwa kwa mara ya kwanza chini yake, mwaka 2000.

Eti alibeba Kombe la Ulaya akiwa mchezaji. Hapana. Real haikulibeba kati ya 1966 na 1998. Camacho alifika fainali moja, Paris 1981, wakafungwa 1-0 na Liverpool. Vikombe vyake vya Ulaya ni Kombe la UEFA la 1985 na la 1986, na alivichukua baada ya jeraha la goti lililomweka nje karibu miaka miwili kuanzia 1978. Wale wanaowaambia vijana kwamba ligamenti ikichanika mpira umekwisha, wamtazame huyu aliyestaafu 1989.

Eti Hispania ya Camacho ilinyongwa kwenye Kombe la Dunia la 2002 na mshika kibendera wa Uganda. Hili linanikera kwa sababu linamhusu jirani yetu. Ali Tomusange alikuwepo Gwangju kwenye mechi ile ya Korea Kusini, ni kweli. Lakini bao la Morientes mwanzoni mwa muda wa ziada lilikataliwa kwa kibendera cha Michael Ragoonath wa Trinidad na Tobago, aliyedai krosi ya Joaquín ilikuwa imeshatoka nje. Haikuwa imetoka. Na kanuni ya bao la dhahabu ilikuwa bado inatumika, kwa hiyo mechi ingekwisha palepale badala ya kwenda penalti.

La mwisho ni Gabon. Husemwa Camacho aliipeleka ikapigwa kwenye AFCON 2017 iliyoiandaa yenyewe. Gabon haikufungwa mechi hata moja. Ilitoka 1-1 na Guinea-Bissau waliosawazisha dakika za majeruhi, 1-1 na Burkina Faso, na suluhu na Cameroon, huku kocha akiwa na timu kwa muda usiofika miezi miwili. Katika mechi ya Cameroon, dakika za nyongeza, Denis Bouanga aligonga mwamba, mpira ukarudi kwa Didier Ndong, akapiga, na kipa Fabrice Ondoa akaupangua. Ungeingia, Gabon ingepita na Cameroon ingerudi nyumbani. Ndiyo Cameroon iliyochukua kombe.