Saitokini si sumu, wala si kingamwili

Tangu janga la korona, neno saitokini limeingia vinywani mwa watu na linatumika ovyo. Huyu anakuambia ni sumu inayomwagwa na virusi. Yule anaichanganya na kingamwili. Mwingine anatangaza dawa ambayo, kwa maelezo yake, inaongeza kinga na papo hapo inasafisha saitokini zote mwilini, kana kwamba mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja. Hayawezi.

Maana yenyewe ni fupi. Saitokini ni protini ndogo ambazo seli huzitoa ili kupeleka taarifa kwa seli nyingine. Seli inayopokea huwa na kipokezi chake juu ya utando. Saitokini ikinasa hapo, seli hubadili mwenendo: huanza kugawanyika, huhamia penye jeraha, hutengeneza protini nyingine, au hutulia. Ndani ya kundi hili zimo intaferoni, interlukini (kwa kifupi IL), kemokini na ile iitwayo TNF. Jina la jumla lilitolewa mwaka 1974 na Stanley Cohen na wenzake, ilipokuwa imeonekana kwamba si limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, peke yake zinazotoa protini za namna hii. Hata seli za ngozi na za kuta za mishipa ya damu huzitoa.

Sasa tuje kwenye kingamwili, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza, hata watu waliosoma baiolojia. Kingamwili hutoka kwenye seli B, aina ya limfosaiti, zilizokomaa na humshika mvamizi mwenyewe: ina umbo linalooana na kipande fulani cha kirusi au bakteria, na kwa kawaida kingamwili ya surua haina habari na pepopunda. Saitokini huzungumza na seli za mwili wenyewe. Tofauti hii ilionekana waziwazi mwaka 1957 mjini London, pale Alick Isaacs na Jean Lindenmann walipochukua vipande vya utando wa yai la kuku lenye kiinitete na kuviweka pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Baadaye waliondoa majimaji yaliyozunguka vipande hivyo wakayatia kwenye vipande vipya. Vipande vipya vikapata uwezo wa kuzuia virusi hai visizaliane. Kilichokuwamo kwenye majimaji hayo hakikuvishika virusi wala kuviua. Kiliziandaa seli zenyewe. Wakakiita intaferoni.

Kuhusu sumu, ninaelewa dhana hiyo inatoka wapi. Mtu akiugua, homa, uchovu na kukosa hamu ya kula ni kazi ya saitokini kwa sehemu kubwa. IL-1, IL-6 na TNF huufanya ubongo utengeneze prostaglandini, kemikali zinazoamsha homa, na haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, hupandisha kiwango cha joto inachokilinda. Anayezidiwa na homa anaona adha tupu. Lakini tazama kinachotokea TNF inapozuiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianza kutumika dawa iitwayo infliximab, inayoifunga TNF, na wagonjwa wa baridi yabisi ya viungo walipata nafuu kubwa. Kufikia mwaka 2001 madaktari walikuwa wameripoti kwamba baadhi ya waliotumia dawa hiyo wanapata kifua kikuu, mara nyingi kile kilichokuwa kimelala mwilini mwao bila kuwasumbua. TNF ndiyo iliyokuwa ikisaidia kuushikilia ule mkusanyiko wa seli unaowazingira bakteria mapafuni. Ndiyo maana leo mgonjwa hupimwa kifua kikuu kwanza kabla ya kuanzishiwa dawa za aina hiyo. Protini ileile inayomvimbisha mmoja magoti inamkinga mwingine.

Basi dhoruba ya saitokini je? Ipo, na inaua. Lakini dhoruba si kuwapo kwa saitokini. Ni kutolewa kwa wingi kupita kiasi na mwili kushindwa kuzirudisha chini, hata mishipa ya damu ikavuja, shinikizo la damu likaporomoka na viungo vikaanza kushindwa kazi. Wala haihitaji kirusi. Mwezi Machi mwaka 2006, tena London, wanaume sita wenye afya njema waliojitolea kwa majaribio walipewa dawa iitwayo TGN1412, iliyozichochea seli T, aina nyingine ya limfosaiti. Katika muda wa saa mbili hivi walianza kuumwa kichwa na mgongo, kutapika na kupandwa na homa, na wote sita wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Walinusurika. Hapakuwa na maambukizi yoyote, na dawa yenyewe ilikuwa kingamwili iliyotengenezwa maabara. Katika tukio hilo moja unaziona zote mbili zikiwa vitu tofauti kabisa: kingamwili iliyochochea, na saitokini zilizotolewa na seli za mtu mwenyewe kama jibu.

Tena zimo saitokini ambazo kazi yake ni kutuliza. IL-10 huzizuia seli za kinga zisiendelee kutoa nyingine za kuchochea, kwa hiyo atakayeziondoa zote ataondoa na breki.

Mgonjwa, basi, hawezi “kukutwa na saitokini”, kwa sababu kila mtu anazo, hata akiwa mzima. Sema IL-6 yake imepanda sana, au mwili wake unatoa saitokini kupita kiasi, na msikilizaji atakuelewa. Na anayeuza dawa ya kuzisafisha aulizwe kwa upole ni ipi anayokusudia, maana hata erithropoietini, inayouhimiza uboho kutengeneza seli nyekundu za damu, inahesabiwa humo.