Bakramu ni nini, na inafanya kazi gani ndani ya kofia?

Tazama picha za watu wa Ulaya zilizochorwa karne ya 16. Utaona kofia ndefu za hariri au mahameli zimesimama wima, marinda yake yamelala sawasawa. Hariri haisimami yenyewe. Mshonaji wa leo anayetaka kofia ya namna hiyo huanza na kitambaa ambacho hakuna atakayekiona: bakramu.

Bakramu ni kitambaa cha pamba au kitani kilichofumwa kwa kuachana nyuzi, kisha kikaloweshwa wanga au gundi hadi kikakakamaa. Zamani jina hilo lilikuwa la kitambaa laini cha thamani. Maana yake ikabadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Uzuri wake ni kwamba kikipata maji au mvuke hulegea, kikafuata umbo unalokilazia, na kikikauka hakirudi nyuma. Kwa sababu hiyo hiyo, kofia ya bakramu usiivae kwenye mvua.

Kofia yenyewe ni vipande vitatu: duara la juu, ukuta na ukingo. Pima kichwa, ongeza kama sentimita 1, maana unene wa vitambaa utakula nafasi. Ukingo uachie sentimita 2 hivi upande wa ndani, uzichanje ziwe ndimi za kuinua na kushonea kwenye ukuta.

Halafu waya. Hapa ndipo pa kutulia. Waya hulala juu kabisa ya mzunguko wa nje wa ukingo, ukashikwa kwa mshono wa blanketi: sindano inatoboa bakramu chini kidogo ya waya, inapita ndani ya kitanzi cha uzi, unavuta hadi ukaze, unasogea nusu sentimita. Ncha mbili za waya zipishane kama sentimita 5, na maungio yakae kisogoni. Vaa subana, kile kikofia cha kukinga kidole na sindano, kwa sababu bakramu inaumiza vidole kweli. Waya ukilegea mahali pamoja tu, ukingo mzima utayumba, na hakuna pasi itakayouponya.

Wengi wakifika hapo hukimbilia hariri. Mimi nilifanya hivyo kwenye kofia yangu ya kwanza, na vitundu vya bakramu vikaonekana kupitia kitambaa kana kwamba nimefunika chujio. Tangu siku ile naweka kwanza flana nyembamba ya pamba, niliyoikata mshazari, yaani kwa kukingama nyuzi, ili ilale vizuri kwenye mzunguko, nikaipigia bandi, mishono mirefu ya kushikizia. Tabaka hilo huzima vitundu na kulainisha kona ya waya.

Kitambaa cha nje hufuata. Kama ni marinda, yapange kwa pini kuanzia katikati ya duara, uyateremshe ukutani moja moja. Mwisho ni bitana, inayoshonwa kwa mkono kuzunguka ndani, na utepe wa pamba pale kofia inapogusa paji la uso, upokee jasho kabla halijafika kwenye wanga.